Ribiti za Kisiwa cha Mchanga

Baba yangu ana miaka sabini na minne na bado hufungua kibanda chake pale Kamukunji, Nairobi, kabla ya saa moja asubuhi. Sufuria mpya amewaachia vijana. Yeye siku hizi kazi yake ni kuziba: sufuria iliyotoboka kitako, karai lililopasuka ukingo, debe la maziwa linalovuja kwenye mshono. Nimekulia ndani ya mlio ule wa nyundo. Hata sasa, mwalimu wa jiografia mwenye vumbi la chaki mkononi, naweza kukaa nje ya kibanda nimefumba macho nikajua kwa sauti tu kama anapiga shaba, bati au alumini.

Jumamosi moja ya likizo ya Agosti nilimpelekea picha kwenye simu. Sikumwambia ni ya nini. Ilikuwa chombo cha shaba, kikuukuu, kimeingia ukijani wa kutu, kimejaa viraka. Alivaa miwani, akaisogeza simu mbali, akaileta karibu, akanyamaza. Halafu akaniuliza, "Mama, huyu fundi ni wa wapi?"

Huniita mama kwa sababu nilipewa jina la mamake.

"Ni wa kisiwani, Baba. Alikufa zamani sana."

"Hakuwa na vifaa," akasema. "Tazama hii ribiti. Haikununuliwa hii. Amekata kipande cha shaba, akakikunja kama mtu anavyokunja mkeka, akakipitisha kwenye tundu, akakiponda huku na huku. Sisi pia tulifanya hivyo ribiti zikikosekana. Inakula siku nzima." Akairudia picha. "Na hiki kiraka kiko juu ya kingine. Huyu mtu hakuwa na sufuria nyingine."

Nilikuwa nimesoma kurasa nyingi kuhusu kisiwa hicho kwa muda wa miezi, nikijivutavuta na Kifaransa changu cha shule, na hakuna ukurasa ulionifikisha hapo aliponifikisha mzee kwa dakika mbili. Ndiyo sababu ya kuandika haya.

Kisiwa chenyewe nilikifikia kupitia kimbunga. Mtakumbuka mwaka 2024, Aprili na Mei, mvua zilivyotufanya hapa Nairobi. Mto Mathare uliingia majumbani, shule zilichelewa kufunguliwa, na katikati ya mahangaiko hayo tukaambiwa kwamba kimbunga Hidaya kinakuja pwani ya Tanzania na huenda kikatugusa. Shule zilipofunguliwa, kidato cha tatu hawakutaka kusikia habari ya kitu kingine. Msichana mmoja wa dawati la mbele akaniuliza: "Mwalimu, kimbunga kikiwa bado katikati ya bahari, ni nani anayekiona?"

Nilimjibu kuhusu setilaiti. Nikamwambia kwamba vimbunga vya upande huu wa Bahari ya Hindi hufuatiliwa kutoka kisiwa cha Réunion, ambako kuna kituo kikuu cha utabiri wa eneo zima. Lakini swali lilinifuata hadi nyumbani. Kabla ya setilaiti, nani alikiona? Nikaanza kutafuta, na jibu likawa: watu wachache waliokaa kwenye vijisiwa ambavyo ramani ya darasani kwetu haivionyeshi kabisa. Kimojawapo kinaitwa Tromelin.

Kiweke kichwani hivi. Kutoka pwani ya mashariki ya Madagaska, nenda baharini kilomita kama 450, usione kitu. Kutoka Réunion, panda kaskazini kilomita zaidi ya 500, usione kitu. Kisha unakuta mchanga mweupe na vipande vya matumbawe, urefu wake kama mita 1,700 na upana kama mita 700. Ni karibu kutoka Kamukunji hadi kituo cha mabasi cha Kencom kwa miguu, na basi, umekimaliza. Sehemu yake ya juu kabisa haizidi mita saba juu ya bahari. Chini yake ni mlima wa volkeno uliozama, na mtelemko wake unashuka maelfu ya mita hadi sakafu ya bahari. Kwa hiyo meli haina pa kutia nanga: karibu ni mwamba, mbali kidogo ni kilindi. Bandari hakuna. Ghuba hakuna. Upepo wa kusi unakipiga sehemu kubwa ya mwaka, na mawimbi yanauhamisha mchanga wa ncha zake.

Nimewahi kusimama mahali panapofanana napo, angalau kwa saa moja. Tulipeleka wanafunzi Shimoni, tukapanda mashua, na maji yalipotoka nahodha akatushusha kwenye fungu la mchanga karibu na Kisite. Watoto walipiga kelele za furaha kwa dakika kumi. Baada ya dakika arobaini walikuwa wamejikunyata chini ya kanga mbili za mwalimu mwenzangu, wakiomba kivuli. Mwanga ulikuwa unatoka juu na chini. Nahodha, mzee wa Wasini, alinieleza kwa upole tofauti ambayo sikuwa nimeifikiria: fungu hufunikwa maji yakijaa, kisiwa hakifunikwi, na ukitaka kujua ni kipi kati ya hivyo viwili, tazama kama kuna kitu kilichoota.

Tromelin kuna kitu kilichoota, ndiyo maana ni kisiwa. Ni kichaka kimoja hasa, chenye majani manene yenye manyoya laini ya rangi ya fedha, ambacho hustahimili chumvi na upepo. Juu ya vichaka hivyo hutaga ndege wakubwa wa baharini wenye miguu myekundu. Ndugu zao weupe wenye uso mweusi hutaga chini, mchangani. Ndege hawa hupiga mbizi baharini kutafuta samaki. Kasa hupanda usiku kutaga, na ufuo asubuhi huwa umechorwa njia zao kama njia za magurudumu. Kuna kaa wengi wanaotembea wamebeba makombe mgongoni. Mti wa mbao hakuna. Kijito hakuna. Mnyama wa asili wa nchi kavu hakuna; panya waliletwa na watu.

Mfaransa aliyekiona mwaka 1722, nahodha Briand de la Feuillée, alikiita jina la kawaida kabisa, Kisiwa cha Mchanga. Kikaingizwa kwenye ramani, lakini mahali pake palikuwa pa kukisia, na ramani moja haikukubaliana na nyingine.

Hapo ndipo msiba ulipoanzia. Mwaka 1761 meli ya Kampuni ya Ufaransa ya Mashariki ya India ilitoka Morisi, ambayo wakati huo iliitwa Isle de France, ikaenda Foulpointe katika pwani ya mashariki ya Madagaska kuchukua mchele na ng'ombe. Meli hiyo iliitwa L'Utile, yaani Yenye Manufaa. Nahodha wake, Jean de Lafargue, alipakia pia mateka wapatao 160, wanaume na wanawake, ingawa gavana wa Isle de France alikuwa amepiga marufuku kuingiza watumwa wakati ule. Ulikuwa wakati wa vita na Waingereza, na gavana alihofia midomo ya kulisha. Nahodha alitaka faida yake mwenyewe. Ili asionekane, akapita njia isiyo ya kawaida. Usiku wa tarehe 31 Julai 1761 meli ikapanda mwamba.

Mateka walikuwa chini, na vifuniko vya ngazi vilikuwa vimepigiliwa misumari. Mabaharia walifia majini, kama ishirini hivi. Mateka waliozama wakiwa wamefungiwa walikuwa zaidi ya hao mara tatu. Waliobaki walitoka tu kwa sababu meli ilipasuka.

Nataka msomaji wangu asipite hapo haraka. Watu hawa, kwa wanavyosema watafiti, wengi walikuwa wenyeji wa nyanda za juu za Madagaska, wakulima wa mpunga. Yumkini bahari waliiona mara ya kwanza walipofikishwa pwani kuuzwa. Wazee wetu wa pwani waliiita nchi ile Bukini, na majahazi yalikwenda na kurudi huko, kwa hiyo si habari ya nchi ya mbali. Ni majirani wa ng'ambo ya maji. Sasa wako kwenye mchanga, alfajiri, wamelowa, na wale waliowafungia ndio wenye bunduki na ndio wenye maji.

Maji yaliyookolewa kutoka melini hayakuwatosha wote, na wa kwanza kunyimwa walikuwa wao. Wengine wakafa kwa kiu katika siku zile za mwanzo, hadi kisima kilipochimbwa, kina chake karibu mita tano. Kisima kwenye mchanga katikati ya bahari! Nimelifundisha jambo hili kwa michoro miaka mingi: maji ya mvua hupenya mchangani na, kwa kuwa ni mepesi kuliko ya bahari, hulala juu yake kama mafuta juu ya mchuzi. Ukichimba kwa kiasi, unayakuta. Ukizidisha, unaingia kwenye chumvi. Maji ya kisima kile yalikuwa ya chumvichumvi, lakini yalinyweka. Kwa kisima hicho watu waliishi kisiwani miaka kumi na mitano.

Nahodha alivurugikiwa na akili, na msaidizi wake, Castellan, akashika usukani wa mambo. Akachora mashua kubwa ya kujengwa kwa mbao za meli iliyovunjika. Mateka walifanya kazi pamoja na mabaharia. Waliburuta mbao, walikata, walibeba. Kwa miezi miwili chombo kikawa tayari, kikaitwa La Providence, Majaliwa ya Mungu. Tarehe 27 Septemba 1761 mabaharia zaidi ya 120 wakajipanga ndani yake, wamebanana, wakaondoka. Siku nne baadaye walikuwa Madagaska.

Mateka, takriban 60, waliachwa ufuoni. Waliachiwa chakula cha miezi mitatu, barua ya kushuhudia kwamba walikuwa wamefanya kazi vizuri, na ahadi kwamba watarudiwa.

Castellan, lazima niseme, aliomba. Alimwomba gavana meli arudi akawachukue, na gavana akakataa. Watu hao hawakutakiwa kuwapo, walipakiwa kinyume cha amri yake, na hakutaka kuhatarisha meli kwa ajili yao. Castellan akaondoka kwenda Ufaransa. Kampuni yenyewe ikaja kufilisika. Mvua zikanyesha, miaka ikapita.

Katika kurasa nyingi, hadithi hurukia hapo hadi siku ya uokoaji. "Walisahauliwa miaka kumi na mitano," wanaandika, kisha aya mpya, meli imefika. Mimi nataka kukaa ndani ya miaka hiyo, maana ndiyo maisha yao, na maana sasa tunazo habari zake. Mwaka 2006, 2008, 2010 na 2013 wanaakiolojia walioongozwa na Max Guérout, aliyekuwa ofisa wa jeshi la majini la Ufaransa, walikwenda kuchimba. Walichokikuta chini ya mchanga ni mji mdogo.

Kulikuwa na nyumba za mawe, kuta nene za matumbawe na mawe ya ufuoni, zimejengwa chini chini na kupangwa kuzunguka ua, zikikingana upepo. Kwa mtu wa nyanda za juu za Madagaska wakati ule jambo hili halikuwa dogo. Walio hai waliishi katika nyumba za miti na nyasi. Jiwe lilikuwa la kaburi, la wahenga. Lakini Kisiwa cha Mchanga hakikuwa na mti wa kujengea, na kimbunga hakingeacha kibanda cha matambara ya matanga kikisimama. Kwa hiyo walikaa chini wakaamua. Nafikiria mazungumzo hayo mara nyingi. Ni nani aliyeyasema kwanza? Mzee gani alikataa, na alichukua usiku ngapi kukubali kulala ndani ya mawe akiwa hai?

Kulikuwa na jiko, na vyombo ndani yake kama vilivyoachwa siku ya mwisho. Sufuria za shaba zilizookolewa kutoka melini zilikuwa zimezibwa na kuzibwa tena. Kulikuwa na vijiko vya shaba walivyovifua wenyewe. Kulikuwa na mabeseni ya madini ya risasi. Hapo Baba alitikisa kichwa, akasema risasi si ya kuwekea maji ya kunywa, inaingia mwilini polepole. Tukanyamaza kidogo, kwa kuwa nani angewaambia. Na kulikuwa na mapambo: bangili, pete, vikuku vya shaba. Hilo ndilo linalonigusa kuliko yote. Mtu aliyeachwa afe alichukua muda wake na moto wake akafua bangili kwa ajili ya mkono wa mtu mwingine.

Kuni zao zilikuwa mbao za meli. Chakula kilikuwa ndege na kasa. Mifupa ya membe ilikutwa kwa maelfu. Nguo zao za zamani zilipooza walisuka manyoya ya ndege, wakavaa hayo. Moto, walisema waliookolewa, hawakuuacha uzime.

Hawakukaa tu wakitazama upeo wa macho, kama picha nyingi zinavyowachora. Baada ya kama miaka miwili watu kumi na wanane waliunda chombo wakaondoka. Hawakusikika tena. Wengine walikufa, idadi ikapungua. Mwaka 1773 meli iliyopita iliwaona, ikapeleka habari Isle de France, na hatimaye meli ikatumwa. Mwaka 1775 meli iitwayo La Sauterelle ilishusha mashua yenye mabaharia wawili. Mashua ikavunjika kwenye mwamba. Mmoja aliogelea kurudi melini, mwingine akafika ufuoni, na meli ikaondoka bila yeye. Huyo baharia naye akaunda chelezo, tanga lake la manyoya ya ndege, akaondoka na wanaume watatu wa mwisho waliokuwa wamebaki na wanawake watatu. Bahari ikawachukua.

Tarehe 29 Novemba 1776 meli ya kivita La Dauphine, chini ya nahodha Tromelin, iliweza kuwatoa. Waliobaki walikuwa wanawake saba na mtoto mchanga wa miezi minane.

Wanawake saba na mtoto. Mtoto huyo alikuwa na mama na bibi humo humo kisiwani, vizazi vitatu pamoja. Walipofika Isle de France walitangazwa kuwa huru, kwa hoja kwamba ununuzi wao haukuwa halali tangu mwanzo. Mtoto akabatizwa Moïse, yaani Musa, aliyetolewa majini. Mama yake akapewa jina la Eve. Bibi akapewa jina la meli iliyomwokoa, Dauphine. Jina la mama kabla ya ubatizo liliandikwa Semiavou. Watu wa Kimalagasi hulisoma Tsimiavo, na maana yake ni Asiyejivuna. Kisiwa nacho kikapewa jina la nahodha.

Sina ubaya na nahodha Tromelin. Alifika palipowashinda wengine. Lakini nikifundisha, ubaoni naandika majina mawili: Tromelin, na chini yake Kisiwa cha Tsimiavo. Mwanafunzi akiuliza jina hilo la pili liko kwenye ramani gani, namwambia liko kwenye ramani yetu.

Sasa turudi kwenye swali la yule msichana wa dawati la mbele. Baada ya 1776 kisiwa kilikaa bila watu kwa muda mrefu. Mwaka 1954 Wafaransa walijenga kituo cha hali ya hewa. Vimbunga vingi vinavyoelekea Madagaska, Réunion na Morisi hutokea upande huo wa bahari, kwa hiyo mtu mwenye kipimahewa pale alikuwa kama mlinzi wa getini: mgandamizo wa hewa ukishuka ghafla, anapeleka habari kwa redio, na walio magharibi na kusini wanafunga madirisha. Kulitengenezwa kiwanja kifupi cha ndege, kwa sababu bahari inakataa meli hadi leo. Walipochagua mahali pa kujenga walichagua sehemu ya juu ya kisiwa, ile ile ya mita saba. Ndipo palipokuwa na nyumba za mawe. Ujenzi uliharibu sehemu ya mabaki hayo bila watu kujua thamani yake. Najiambia kwamba walioachwa na wapima hewa, karibu miaka mia mbili mbali mbali, walitazama mchanga ule ule wakafikia uamuzi ule ule kuhusu maji yatakapofika.

Siku hizi vipimo vinajiendesha vyenyewe, na watu wachache hukaa pale kwa zamu. Ni nani mwenye kisiwa, hilo bado ni ugomvi: Ufaransa inakitawala, Morisi inasema ni chake. Mwaka 2010 nchi hizo mbili zilitia saini makubaliano ya kukisimamia pamoja, lakini bunge la Ufaransa halikuyaidhinisha. Nitaliacha hapo, wanasheria wanalijua zaidi.

Ninalotaka kulisema zaidi ni kuhusu panya. Waliingia na meli, wakazaana, wakala mayai na makinda kwa miaka mingi. Mwaka 2005 panya wale wakubwa waliangamizwa wote. Katika miaka michache tu, ndege wale wa miguu myekundu na wale weupe waliongezeka sana. Kisiwa kidogo kiasi kile, ukikiondolea dhara moja tu, kinaitikia mbele ya macho yako. Kasa wanaendelea kupanda. Ufuoni bado kuna nanga ya L'Utile, imekwama, na mizinga yake imo kwenye mawimbi.

Nilimsimulia Baba haya yote siku ile, nimekaa juu ya debe, huku watu wakipita na mikokoteni na kelele za Kamukunji zikiendelea kama kawaida. Alisikiliza bila kukatiza, jambo ambalo si desturi yake. Nilipofika kwenye ile ahadi ya kurudiwa, aliinua macho akatazama kona ya kibanda. Kule kuna sufuria kubwa ya harusi, ya kupikia pilau ya watu mia, imefunikwa gunia. Iliachwa na mama mmoja mwaka 2009, akasema atairudia mwisho wa mwezi. Wanunuzi wamekuja wengi. Baba huwaambia si yake.

Kisha akainuka, akapekuapekua sanduku la vipande. Akapata kipande cha shaba nyekundu, kutoka mtungi wa maji ya moto wa zamani. Akachukua sufuria moja mbovu ya alumini, akaisukuma kando, akasema hapana, lazima iwe shaba kwa shaba. Akatafuta tena hadi akapata birika la shaba lililokatika mdomo, tundu lake kitakoni la ukubwa wa shilingi.

"Mkasi weka pale," akaniambia. "Huyo hakuwa na mkasi."

Alikata shaba kwa patasi na jiwe. Kweli, jiwe, nyundo pia aliikataa kwa dakika kumi za kwanza, kisha akasema melini lazima kulikuwa na nyundo, akaichukua. Alikunja vipande vyembamba kimoja kimoja hadi vikawa kama vijiti vya kiberiti. Vidole vyake havinyooki vizuri tena na vipande vilimponyoka, nami nikawa naokota kwenye vumbi. Alitoboa kwa msumari. Akapitisha, akaponda juu, akageuza, akaponda chini. Vijana wa kibanda cha jirani walikuja kutazama. Mmoja akamuuliza, "Mzee, si uchomelee tu?" Baba hakumjibu.

Tulianza saa nne. Ribiti ya sita iliingia muadhini wa msikiti akiwa ameshaadhini adhuhuri na mimi nimeshaleta chai mara mbili. Tukajaza birika maji, tukaliweka juu ya gazeti kavu, tukasubiri. Baada ya muda doa likatokea kwenye karatasi, dogo kama punje ya mtama, likaanza kupanuka.

Baba akamwaga maji, akaligeuza birika, akapitisha kidole gumba juu ya ribiti zote sita, polepole, mpaka akaipata ile inayovuja. Akaichukua nyundo.

"Lete mwanga hapa, mama," akasema. "Huyo mtu wako alifanya hivi na moshi machoni."